Chungwa Limezama

Riyadh,
Ijumaa, baada ya alasiri

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Nianze na mgongo wako, maana najua ukiulizwa hali utasema nzuri tu na kuendelea kukanyaga cherehani. Umepungua, au bado unajifunga kanga kiunoni ndipo uinuke? Na mama, macho yake yanaendeleaje tangu abadilishiwe miwani? Na Nasra? Huyo nitamfikia, usidhani nimemruka. Mimi huku afya ninayo, namshukuru Mungu. Joto limeanza kupanda, na juzi vumbi lilifunga mji hata nyumba za ng'ambo ya barabara zikawa hazionekani, tukafundisha huku tumeziba madirisha kwa mataulo mabichi. Lakini safari hii kifua hakikunisumbua.

Barua inakuja kwa mkono wa Mwalimu Hadija, yule mwenzangu wa Tanga niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja. Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kila nikipiga simu anayeishika ni Nasra, na haya sitaki mwanangu ayasikie kabla wewe hujayasoma.

Najua unangoja jibu. Uliponitumia ujumbe wa sauti ukaniambia kwamba Nasra ameacha kukuita mama mkubwa, sasa anakuita mama basi, na mimi ananiita mama wa kwenye simu, nilikujibu neno moja tu: sawa. Tangu hapo napiga kwa nadra na kukata mapema. Mama ameniambia unadhani nimekukasirikia, na kwamba kila mtoto akikuita mama unamsahihisha mpaka analia. Sikukasirika, dada. Acha nikusimulie lililonipata shuleni, ndipo utajua jibu langu limetoka wapi.

Nilikuambia kwamba mwaka huu nimepewa darasa la pili. Katikati ya muhula waliniletea mtoto mpya, msichana anaitwa Jana, aliyehama na wazazi wake kutoka Jeddah. Mtoto msafi, nywele zimesukwa vizuri, daftari zote zina majalada. Ila hasemi. Si Kiingereza, si Kiarabu. Ukimwita jina anakutazama, ukimpa kalamu anaandika, lakini mdomo umefungwa. Msaidizi wangu, Ibtisam, ambaye ni Msudani na watoto humpenda kwa sababu ni mpole, alijaribu kumbembeleza kwa Kiarabu cha kila namna, akashindwa. Wiki zikapita. Msimamizi wa madarasa madogo akaanza kusema kwamba huyu mtoto hayuko sawa, na kwamba mwisho wa muhula atamwandikia mama yake ampeleke kwenye shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Mimi nikamwomba aningoje kidogo. Sikuwa na sababu ya kumpa. Nilikuwa nimemzoea tu yule mtoto, ana namna ya kusimama karibu nami wakati wa mapumziko, hanigusi wala haondoki.

Basi tukafika kwenye somo la vitu vinavyoelea na vitu vinavyozama. Kitabu kina picha nzuri, na msimamizi alitaka nionyeshe picha hizohizo ukutani kwa mashine, kwa sababu hapendi maji kwenye zulia. Nikamwambia mtoto haamini maji ya kwenye picha. Akasema zulia likiharibika ni juu yangu. Nikaenda na Hadija kule Al-Sulay kwenye maghala, tukanunua mabeseni ya plastiki, na asubuhi yake tukatandika magazeti darasa zima, meza zikasogezwa, kila kundi na beseni lake.

Dada, ungeona furaha ile. Watoto hawa wanaletwa kwa gari na kurudishwa kwa gari, mvua kwao ni habari ya kwenye televisheni. Nilipowaambia wakunje mikono ya mashati, wengine walinitazama kama nimewaruhusu kuiba. Sharti langu lilikuwa moja: kabla hujatia kitu majini, sema unadhani kitafanya nini, na kwa nini. Tukaanza na kijiwe, wote wakasema kitazama, kikazama. Nikaleta tikiti maji. Wote wakasema litazama kwa sababu ni zito. Likaelea, linazungukazunguka kama mwenye nyumba. Darasa likalipuka. Mvulana mmoja alilikandamiza chini kwa mikono miwili, likaibuka na kummwagia maji kifuani, akacheka mpaka akakaa chini. Nikawapa udongo wa kuchezea. Ukiufinyanga kama tonge unazama, ukiutandaza ukawa kama kisahani chenye kingo, udongo uleule unaelea. Hapo ndipo walipoanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na mwalimu akisikia ubishi wa namna ile anajua somo limeingia.

Mwisho nikatoa machungwa. Unajua mimi siwezi kushika chungwa nisiwaze Muheza. Machungwa ya huku yanang'aa kama yamepakwa mafuta, lakini harufu ya ganda ni ileile, na nilipolinusa nikamwona baba anashusha magunia pale barazani, na wewe umekaa na kisu unamenya ganda lote mfululizo bila kulikata. Ibtisam akaniuliza kama ninaumwa.

Chungwa lenye ganda nililitia, likaelea. Nikamenya la pili, nikawauliza: hili nalo je? Wengi walisema litaelea zaidi, maana limekuwa jepesi. Nikaliachia. Likashuka moja kwa moja mpaka chini ya beseni.

Wote wakainamia beseni. Na hapo nikasikia sauti ndogo ubavuni mwangu, imekwaruza kwa kukaa bila kutumika:

"Chungwa limezama."

Nikadhani nimesikia vibaya, labda ni mimi mwenyewe niliyesema. Nikageuka. Jana ameshika mkono wa abaya yangu, anatazama ndani ya beseni. Dada, hakusema imezama kama wasemavyo watu waliookota Kiswahili barabarani. Alisema limezama. Huyu mtu kafundishwa na mwenye lugha. Nikachuchumaa mpaka uso wangu ukawa sawa na wake, nikamuuliza kwa Kiswahili, taratibu, kwa nini limezama.

"Limevuliwa nguo," akasema. Kisha akaniuliza kama nimetoka kwa Dada.

Sikumwelewa Dada ni nani. Ibtisam alikuwa amesimama na taulo mkononi, machozi yanamtiririka, na hata hakuwa amejua kilichosemwa. Watoto wakataka kujua Jana anaongea lugha gani. Nikawaambia ni lugha ya kwetu, na kwamba amejibu sawasawa kuliko wote: ganda la chungwa lina vijitundu vingi vimejaa hewa, ndilo linaloliwezesha kuelea, likivuliwa linabaki peke yake. Jana hakuongeza neno siku ile. Ila wakati wa kukausha mabeseni alikuja na kitambaa, akanisaidia.

Mama yake aliitwa shuleni. Ni daktari, mwanamke mstaarabu, ana macho ya mtu asiyelala, na Kiingereza chake kinapita changu. Alipoona ameitwa na msimamizi na mimi pamoja alikaa kama anayengoja hukumu. Nikamwambia mtoto wake ameongea, na ameongea Kiswahili. Alijifunika uso kwa viganja. Ndipo akatueleza. Walipokuwa Jeddah walikaa nyumba moja na mama mkwe wake, mtaa wa Al-Hamra, na Jana alilelewa na mfanyakazi wa pale, mwanamke kutoka Kenya aliyezoea kumwita Dada, tangu hajaota jino. Yeye mama alikuwa na zamu za hospitali mchana na usiku. Walipohamishiwa Riyadh yule mfanyakazi hakuweza kuja, kwa sababu ikama yake, kibali chake cha kukaa nchini, iko kwa bibi, na bibi ni mgonjwa, anamhitaji. Mtoto alilia. Na wao wakaona dawa ni kumsahaulisha: wasimtaje yule mwanamke, wasimpigie simu. Alisema walidhani jeraha likiguswaguswa halitapona.

Kisha akasita, akaniuliza neno. Alisema kila akimlaza mtoto, mtoto husema neno moja, analirudia na kulirudia mpaka anachoka na kugeukia ukutani. Yeye alidhani ni wimbo, au dua aliyofundishwa. Akalitamka kwa shida, kwa ulimi wa Kiarabu:

"Nifunike."

Nilitamani asingeniuliza. Nikamwambia: anakuomba umfunike shuka.

Hakulia, dada. Akawa ananyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. Kisha akasema, miezi yote hii. Msimamizi, yule tunayemwogopa, aliinuka akamletea maji, na habari ya shule nyingine haijatajwa tena mpaka leo.

Kabla ya kuondoka Mama Jana aliniuliza kama ninafika Jeddah. Nikamwambia likizo ya katikati ya mwaka walimu tumepanga kwenda umra, na tukishuka Makka tutapita Jeddah. Akaniomba nimfikie yule mwanamke. Yeye mwenyewe aliona haya hata kumpigia.

Umra nilikwishakusimulia, na dua zako nilizifikisha zote. Nisichokusimulia ni Jeddah. Tulifikia Al-Nuzha, kwa familia moja yenye asili ya Unguja, wapo huku tangu enzi za Mapinduzi. Bibi yao anaongea Kiswahili kizuri cha zamani na alitupikia mkate wa kumimina. Kutoka pale nikachukua teksi hadi Al-Hamra. Mageti marefu, kuta nyeupe, bougainvillea imemwagika juu ya kuta, na njiani humwoni mtu anayetembea kwa miguu. Nikabonyeza kengele. Akanifungulia mwanamke wa makamo, mwembamba, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, mikono ina povu la sabuni. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Jana.

Anaitwa Mwanakombo, kwao Kwale. Alinipitisha jikoni, akamwambia bibi yake Jana kwamba amekuja mgeni kutoka kwa madam, bibi akanikaribisha kwa ahlan na kurudi kulala. Mwanakombo hakuniuliza mtoto ni mzima, wala hakuniuliza kama anamkumbuka. Aliniuliza, "Analala?"

Nikamweleza yote, beseni, tikiti, machungwa. Nilipofika kwenye limezama, akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Akasema hapohapo nilipokaa ndipo Jana alipokuwa akikaa, juu ya kigoda, wakati yeye anamenya machungwa ya juisi ya bibi. Mtoto alikuwa akimnyang'anya na kuyatupa kwenye karai la vyombo, yeye anamgombeza, chungwa limezama hilo, litoe. "Mimi nilidhani namgombeza tu," akasema. "Kumbe alikuwa asoma." Kisha kicheko kikamwishia, akageukia sinki akafungua bomba, akaosha kikombe kilichokuwa safi.

Ana watoto wake watatu Kwale, wako kwa nyanya yao. Mdogo wao alimwacha ana umri aliokuwa nao Nasra nilipomwacha. Nikamwambia nami nina wangu, yuko kwa dada yangu. Akaniuliza kama huyo dada ana roho nzuri. Nikamwambia ana roho nzuri kunishinda. Akasema, basi, shukuru Mungu.

Nilitoa simu nikampigia Mama Jana. Niliona akishangaa, kisha akasema subiri, na mara uso wa Jana ukajaa kioo chote. Mwanakombo alikuwa amejifuta mikono na kujiweka vizuri mtandio kama anayekwenda kupigwa picha. Akasema, Jana, mama, ni mimi. Mtoto akamtazama, kisha akampa kisogo. Hakulia wala hakukimbia. Alikaa vilevile, tunaona nywele tu na upindo wa kola. Mama yake akataka kumgeuza, Mwanakombo akamwambia kwa Kiarabu chake cha jikoni, la madam, mwache. Akangoja. Mimi nilikuwa nimeshika simu. Mwisho akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba wameachana asubuhi:

"Jana, mamako sasa akufunika?"

Kisogo kikatikisika kuitikia. Kisha sauti: "Anafunika. Lakini miguu inatoka."

Mwanakombo akafumba macho. Alipofumbua akamwita Mama Jana, akamwelekeza kwa mikono na maneno: blanketi lisiishie kwenye vidole, likunje chini ya nyayo, lichomeke, hivi, kwa sababu huyu akilala hupiga teke. Na yule daktari, mwenye shahada zake ukutani, alikuwa anaitikia aiwa, aiwa, na kurudia kwa mikono yake mwenyewe hewani, mpaka Jana akageuka kuona mama yake anafanya nini. Hapo ndipo alipomwona Dada wake, na hapo ndipo alipolia, kilio cha mtoto mdogo kabisa. Mama yake akamkumbatia. Mwanakombo alikaa anatazama mpaka kilio kikapungua, kisha akaniambia nizime, halas, imetosha kwa leo.

Tangu hapo wanapigiana simu kila Ijumaa. Jana bado ni mtoto wa maneno machache, lakini anayasema. Kwa Kiarabu na wenzake, kwa Kiingereza akitaka ruhusa, na kwa Kiswahili akitaka kuniambia siri. Wiki iliyopita alimsahihisha Ibtisam, aliyekuwa ameanza kujifunza maneno mawili matatu. Mama Jana naye huniandikia kuniuliza maana. Juzi aliniuliza "kumbe" ni nini, nikashindwa kumfafanulia.

Sasa nikujibu, dada. Niliporudi kutoka Jeddah nilikuwa najiona mimi na Mwanakombo ni kitu kimoja, wanawake walioacha watoto wao ili wafute pua za watoto wa watu. Nikawa najihurumia. Kisha nikapiga simu nyumbani, Nasra akaniambia kitu, akasema leo amekula pondapo na wewe. Nikauliza pondapo ni nini. Akacheka, akakupa simu, nawe ukacheka, na hakuna aliyenieleza. Nilipokata simu nikakaa kitandani. Nikamkumbuka Mama Jana akinyoosha kitambaa cha meza kisicho na mkunjo. Kwa Nasra mimi si Mwanakombo. Mwanakombo ni wewe. Mimi ndiye yule anayesikia neno na asijue mtoto anaomba nini.

Kwa hiyo usimsahihishe tena. Akikuita mama, itika. Umemlea tangu tulipomzika baba yake na mimi nikafunga sanduku, umemwogesha, umekesha naye homa zake, jina hilo hujaliiba. Mkubwa au si mkubwa, mama ni mama. Sisemi kwamba hainiumi. Inaniuma hivi ninavyoandika. Lakini nimeona mtoto aliyenyang'anywa mtu wake ili asiumie, na nimeona alivyonyamaza. Sitaki Nasra alazimishwe kuchagua.

Ninachokuomba ni hiki tu: nifundishe. Niambie pondapo ni nini. Niambie anapenda kulala upande gani, anaogopa nini, anasema neno gani akitaka kubebwa. Usiogope kwamba nitaona wivu. Nitaona, lakini niambie hivyohivyo.

Mkuu wa shule amenipa mkataba mpya nisaini. Nimemwambia kwa adabu kwamba sisaini kitu mpaka nimekwenda nyumbani nikarudi, na kama sitarudi atajua. Ameridhika, au amejifanya. Shule zikifungwa kwa likizo kubwa nitakuja, inshallah, na mengine tutayazungumza wewe, mimi na mama, tukiwa tumekaa.

Nisalimie mama sana, mwambie nimemwombea macho yake mahali pale pale alipotaka. Msalimie mjomba Athumani, na umwambie redio yake nimeipata, ya betri kama alivyotaka. Wasalimie shemeji na mafundi wako wote wa pale dukani, hasa yule anayenishonea bila kunipima. Na binamu yetu Mwajuma, aliyejifungua, mpe hongera, nitamletea mtoto zawadi.

Jambo la mwisho. Nitakaposhuka stendi ya Muheza, najua watu watajaa na kila mtu atamsukuma Nasra, mkimbilie mama yako, mkumbatie mama yako. Nakuomba uwazuie. Akitaka kusimama nyuma ya kanga yako, mwache asimame. Twende nyumbani hivyohivyo, yeye kwako na mimi pembeni na mizigo yangu. Nitakaa mkekani kama mgeni mwingine yeyote, nitakunywa chai, sitamwita. Nina likizo ndefu. Nitangoja mpaka aje mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia